Maswali yenu kuhusu handaki la Sagan

Wiki hii barua nyingi zinahusu wanajeshi wa anga wa Uingereza na washirika wake waliotoroka kwa handaki katika Vita vya Pili vya Dunia kutoka Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya mateka wa vita huko Sagan (leo Żagań, Poland), usiku wa kuamkia 25 Machi 1944.

Ni kweli Mmarekani mmoja aliruka senyenge kwa pikipiki?

Hapana. Hilo ni la filamu. Wamarekani walishahamishiwa ua mwingine wa kambi tangu 1943. Nimelijibu mara nyingi, tafadhali someni kwanza.

Mchanga wa handaki waliuficha wapi?

Hapa ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Udongo wa juu ulikuwa wa kijivu, wa chini wa njano unaong'aa. Ukionekana kidogo tu, walinzi wamejua. Basi waliujaza kwenye vifuko vyembamba vilivyoning'inia ndani ya suruali. Mtu anatembea uani akipiga soga, anavuta kamba mfukoni, mchanga unamwagikia viatuni, anauchanganya kwa nyayo huku anaendelea na mazungumzo. Theluji ilipotanda wakaumwaga chini ya viti vya ukumbi wao wa maigizo. Handaki lilikuwa mita 9 chini, kuta zake zimeshikiliwa na chaga za vitanda vya wenzao. Mamia walishiriki, wengi wao hawakupata hata zamu ya kutoka. Msimpe sifa mtu mmoja.

Kiongozi wao, Roger Bushell, alitekwaje?

Ndege yake ya kivita, Spitfire, ilitunguliwa Ufaransa, Mei 1940. Kabla ya Sagan aliwahi kuruka kutoka kwenye treni, akafichwa Prague miezi kadhaa na familia ya Kicheki. Alipogunduliwa, familia hiyo iliuawa. Anayemsimulia Bushell akaiacha familia ile hajasimulia kitu.

Walifika salama wangapi, bila kukamatwa tena?

Walitoka 76, wakafika watatu: Wanorwei wawili na Mholanzi mmoja.

Si walivunja sheria, kwa hiyo walistahili adhabu?

Hapana, na swali hili linanikera. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliweka kikomo: mateka aliyetoroka akikamatwa, asifungwe zaidi ya siku 30. Hitler akaamuru wauawe. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliwaua kwa risasi watu 50, Bushell akiwemo, kisha wakadai waliuawa wakijaribu kutoroka tena. Huko ni kuua, tusikupambe jina. Majivu yao yalirudishwa kambini ndani ya vyombo, na mateka wenzao wakawajengea kaburi la mawe kwa mikono yao. Lipo Żagań mpaka leo.