Tumefuta HTML kwenye barua pepe zote za ofisi. Je, sasa tuko salama?

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari ya kazi. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Mwezi uliopita kijana anayetutengenezea kompyuta alituuzia programu ndogo inayojipachika ndani ya Outlook, programu tunayosomea barua pepe. Kazi yake ni kufuta HTML, yaani msimbo unaoipa barua rangi, picha, majedwali na linki, kwenye kila barua inayoingia ili yabaki maandishi matupu. Alituambia kwamba kuanzia hapo hakuna virusi wala tapeli atakayepita, na hata antivirusi tunaweza kuacha kuilipia. Sasa majedwali ya gharama tunayotumiwa na wenzetu wa Mombasa yanafika yamevurugika, hujui namba ipi ni ya kontena gani, na linki zimekuwa ndefu za kutisha. Bosi anataka tuiondoe. Mimi naogopa. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, iondoeni, na antivirusi endeleeni kuilipia. Ila huo woga wako usiutupe. Una sababu, tatizo ni kwamba umeelekezwa pasipo.

Kijana wenu kuna kitu alikisikia mahali, na kitu chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1999 kilitokea kirusi kilichoitwa BubbleBoy ambacho kiliingia kwenye kompyuta kwa kufungua barua tu, bila kubofya chochote, kwa sababu Outlook ya siku zile iliisoma HTML kama ukurasa wa intaneti na kutekeleza amri zilizofichwa ndani yake. Wakati huo mtu aliyesoma barua zake kwa maandishi matupu alikuwa amejikinga kwelikweli. Leo programu za barua pepe zinazotumika maofisini hazitekelezi amri za namna hiyo ndani ya barua, na Outlook kwa kawaida haipakui picha kutoka nje mpaka uiruhusu. Kwa hiyo kinga anayowauzia ni ya adui ambaye kwa sehemu kubwa alishafungiwa mlango.

Bado kuna faida iliyobaki, na ndiyo hiyo hiyo unayoilalamikia. Zile linki ndefu za kutisha zilikuwepo tangu mwanzo, zimefichwa chini ya maneno mazuri kama “bofya hapa” au chini ya kitufe cha rangi. HTML ikiondoka, anwani halisi inabaki uchi. Jifunze kuisoma. Anzia pale penye mikwaju miwili (//), nenda mpaka mkwaju mmoja (/) unaofuata, kisha simama na usome kurudi nyuma. Mwenye anwani ni yule aliye mwishoni, kabla ya mkwaju huo. Ukiona ura.go.ug halafu mkwaju, hiyo ni tovuti ya Mamlaka ya Mapato. Ukiona ura.go.ug.mfano.com, hapo mwenyewe ni mfano.com, na hizo herufi za serikali zilizotangulia zimewekwa na mtu asiyehusika kabisa na serikali. Wafundishe hili wenzako wote wa ofisini. Ni la dakika kumi, halina malipo.

Halina malipo pia hilo la kuona maandishi matupu, na hapa ndipo ninapokasirika. Outlook ya kawaida (classic) ya kwenye Windows ina mpangilio huo ndani yake kwa zaidi ya miaka 20. Fungua File, kisha Options, ingia Trust Center, bonyeza Trust Center Settings, halafu Email Security, na utie tiki palipoandikwa Read all standard mail in plain text. Basi. Barua haiguswi, inaonyeshwa tu bila mapambo, na jedwali la Mombasa likivurugika unabonyeza ule mstari ulio juu ya barua na kuirudisha ilivyokuwa, kwa barua hiyo moja uliyoikagua. Anayetumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, ana kitu hicho hicho kwenye menyu ya View, mahali panapoitwa Message Body As. Mtu anayejiita fundi wa usalama akakuuzia kwa pesa kitu ambacho tayari kiko kwenye mashine yako, ama hajui kazi, ama anajua na amekuibia. Sioni la tatu.

Tena alichowauzia ni kibaya kuliko cha bure. Programu nyingi za aina hii hazionyeshi barua bila HTML, zinaikata barua yenyewe na kuihifadhi upya. Ya asili inapotea. Siku mkigombana na mteja kuhusu bei mliyokubaliana, au siku mpelelezi atakapotaka kuona barua ya tapeli kama ilivyofika, mtakuwa na kipande. Barua nyingi siku hizi husafiri zikiwa na muhuri wa kidijitali unaoitwa DKIM, unaothibitisha kwamba mwili wa barua haujabadilishwa tangu ilipotoka kwenye seva ya aliyetuma. Ukiukata mwili, muhuri haulingani tena, na ushahidi wako mwenyewe umeuharibu kwa mkono wako.

Halafu jiulizeni: programu inayoweza kufuta sehemu ya kila barua, si ni lazima iwe inasoma kila barua? Humo mna pasipoti za wateja, namba zao za TIN, hati za mizigo, bei. Nani ameitengeneza? Inapeleka nini wapi? Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawawajibisha ninyi mnaoshika taarifa za watu, na kusema “fundi alituwekea” hakuwezi kuwa jibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanikosesha usingizi. Watu wamekaa na imani kwamba hatari ya barua pepe iko kwenye umbo lake. Kwamba kuna barua chafu zenye picha na linki, na kuna barua safi zenye maneno matupu. Imani hiyo imewagharimu watu mitaji yao.

Mwaka jana niliitwa na mfanyabiashara wa vipuri hapa Kampala. Alikuwa amefanya kazi na muuzaji mmoja wa ng'ambo kwa miaka mingi, barua zinaenda na kurudi, wanajuana mpaka habari za watoto. Katikati ya mazungumzo kuhusu kontena lililokuwa tayari kupakiwa ikaja barua ya mistari mitatu: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, malipo ya safari hii tumeni kwenye hii ifuatayo. Hakukuwa na picha, kiambatisho wala linki. HTML yenyewe haikuwemo. Anwani ya mtumaji ilifanana na ile ya siku zote, ila palipokuwa na herufi m paliwekwa r na n, ambazo zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo jicho linasoma m. Alilipa. Aliponionyesha barua ile aliniambia neno ambalo nimeshalisikia kwa wengi: “Lakini haikuwa na kitu cha kubofya.”

Dada yangu, programu yenu ingeipitisha barua ile bila kuigusa, kwa sababu hapakuwa na cha kufuta. Uongo haukai kwenye HTML. Mwizi ukimvua koti bado ni mwizi, na huyu alikuja bila koti tangu mwanzo. Ninyi mawakala wa forodha ndio hasa anaowatafuta, kwa sababu kazi yenu ni pesa za watu wengine zinazopita haraka: ushuru wa leo, gharama za bandari kabla siku za bure hazijaisha, dereva amekwama kwenye foleni na mwenye mzigo anapiga simu. Haraka hiyo ndiyo silaha yake.

Na alijuaje kwamba kuna kontena? Alikuwa anasoma barua zao. Nilipofungua boksi la yule mfanyabiashara nilikuta amri ya kupanga barua ambayo yeye hakuiweka: kila barua yenye jina la muuzaji ihamishwe kwenye folda ambayo hakuna mtu anayeifungua. Kwa hiyo hata muuzaji wa kweli alipoandika kuulizia pesa, barua ilizikwa. Neno lake la siri lilikuwa moja kwa barua pepe na kwa tovuti nyingine kadhaa. Leo, kabla ya jua kuzama, fungueni sehemu ya Rules kwenye Outlook ya kila mtu anayegusa malipo, muangalie kama kuna amri msiyoitambua au barua zinazotumwa nje kimya kimya. Kisha washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zote, ya bosi kwanza. Mabosi ndio wanaokataa, na ndio wanaolengwa.

Hayo ya kirusi nayo nisiyaache, kwa kuwa mmeambiwa muache antivirusi. Kirusi cha ILOVEYOU, kilichozunguka dunia Mei 2000, kilikuja kama kiambatisho. Kufuta HTML kusingekizuia hata kidogo. Mwezi Machi 2023 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro ya Outlook kwenye Windows ambayo ilimwezesha mtu kuiba alama za neno la siri kwa kutuma ujumbe uliobeba kikumbusho chenye njia ya faili la sauti. Aliyetumiwa hakuhitaji kubofya, wala kuufungua ujumbe, na HTML haikuwa chanzo. Aliyekuwa amesasisha Outlook yake aliliziba tundu hilo. Aliyekuwa amenunua programu ya kufuta HTML na kuahirisha masasisho kwa kuogopa kumaliza bando alibaki wazi. Na simu ya bosi je? Hiyo programu iliyopachikwa kwenye kompyuta ya ofisini haiko kwenye simu yake, na nina hakika barua nyingi anazisomea huko.

Kwa hiyo ninapowaona vijana wanatembea na flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine, mara wanauza “kifuta HTML”, mara “kizuia wadukuzi”, nawaona sawa na wale wanaopanda mabasi na chupa moja inayotibu malaria, kisukari na mgongo. Madhara ya dawa kama hiyo hayaishii kwenye kutotibu. Mgonjwa anaacha kwenda hospitali. Ofisi yenu ilikuwa imeanza kuacha antivirusi. Kesho ingeacha kupiga simu kuhakikisha akaunti, kwa sababu “tumeshawekewa ulinzi”.

Kupiga simu ndiyo kinga yenyewe. Barua yoyote inayobadilisha namba ya akaunti, au inayotaka malipo yapite njia mpya, ikiwemo namba mpya ya mobile money, isilipwe mpaka mtu apige simu kwa namba mliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo. Namba iliyoandikwa ndani ya barua msiipige, maana atapokea mwenyewe. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha, hata kama ofisi ina watu watatu. Bosi akituma barua kwamba yuko safarini na kitu kilipwe upesi, naye apigiwe. Atanuna mara mbili tatu, atazoea. Na ikitokea pesa zimetoka, saa hiyo hiyo pigieni benki waombwe kuzizuia, kisha nendeni polisi na barua ya asili ikiwa nzima. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautambua ulaghai huu kama kosa. Wengi huona aibu wakanyamaza siku mbili, na siku mbili zinamtosha mwizi kuzihamisha.

Kuhusu kuiondoa yenyewe, kuna jambo moja la kufanya kwanza. Waombe Mombasa wakutumie jedwali moja dogo la majaribio. Lisubiri lifike Outlook na kukatwa, kisha ingia kwenye barua zako kwa kivinjari, bila kupitia Outlook, uitafute barua hiyo hiyo. Ukiliona jedwali zima, barua zenu za asili ziko salama kwenye seva na mnaweza kuifuta programu bila wasiwasi. Ukilikuta limevurugika na huko pia, basi programu imekuwa ikiharibu nakala za kwenye seva: izimeni siku hiyo hiyo, andikeni orodha ya mizigo yote ambayo hesabu zake hazijafungwa, na muwaombe wenzenu warudie kutuma ankara zake kama PDF. Za tangu mwezi uliopita anza nazo wewe mwenyewe, maana wewe ndiye utakayeulizwa namba.