Jibu: Viazi vitamu vimezidi, nivihifadhije?
Dada, huko Jinja na jua lote hilo, fanya amukeke, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, kama Wateso wa mashariki mwa Uganda. Menya, kata vipande vyembamba, anika juu ya kichanja, kuku wasifikie. Jioni ingiza ndani, umande huleta ukungu. Kipande kikipinda, bado. Kikikatika kwa mlio, tayari. Hifadhi kwenye ndoo inayofunga kabisa, maana gunia fukusi hulitoboa. Ukipika, chemsha na ukwaju, malizia na karanga za kusaga (mimi wali nausogeza pembeni).

Uliuliza pia kuhusu mbuzi: majani ya viazi wape, lakini viazi vilivyooza au kutobolewa na fukusi usithubutu. Huwa na sumu inayoharibu mapafu ya mifugo, na kuvichemsha hakuiondoi.