Mdhamini Usimwombe, Muuzie

Nimeshika daftari la fedha la timu yetu ya wasichana hapa Tanga kwa misimu minne, na miwili ya mwanzo niliimaliza kwa kupiga magoti. Kila barua ilianza na "tunaomba msaada". Mfadhili alikuwa mmoja, mzee mkarimu: jezi zake, nauli yake, hata maji ya kunywa yake. Biashara yake ilipoyumba tukakosa nauli ya Muheza. Muheza, hapo tu!

Basi siku moja sikutazama mpira, nikahesabu watu. Mechi ya saa kumi, uwanja wa vumbi Makorora: mia mbili na ushee, wengi akina mama wenye watoto. Kesho yake nikaenda Ngamiani kwa fundi anayeshona sare za shule. Sikumlilia shida. Nikamwambia, "Fundi, hawa ndio wateja wako wa Januari." Akalipia seti nzima ya jezi, jina la duka lake kifuani.

Ukiambiwa soka la wanawake halina watu, usibishane sana. Desemba 26, 1920, watu 53,000 walijaa Goodison Park kule Liverpool kuwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Watu walikuwepo, geti ndilo lililofungwa. Aprili 2022, wanawake wa Barcelona na Wolfsburg wakaingiza watu 91,648 uwanja wa Camp Nou.

Kama timu yenu iko chini ya klabu ya wanaume, dai fungu lenu kwenye bajeti, liandikwe. Msipoandikiwa, wanaume wakifungwa mechi tatu mfululizo posho za kwanza kukatwa ni zenu.

Risiti weka zote, hata ya barafu. Ila kinachomshika mdhamini ni picha: jioni ileile ya mechi, kabla hajauliza, mtumie kwa WhatsApp jezi yenye jina lake na umati nyuma. Mimi nilichelewa wiki mbili mara moja tu, nikajibiwa "sawa" kavu, nikaenda dukani mwenyewe kuomba radhi.

Msimu huu fundi anataka na bango pembeni mwa uwanja. Nimempandishia bei.