Maswali Yenu: Deni la Vita Analipa Nani?

Si kweli kwamba vita hukuza uchumi? Marekani ilitajirika kwa Vita Kuu ya Pili.

Hili tena! Mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat alishalijibu mwaka 1850: kioo cha dirisha kikivunjwa, fundi anapata kazi, lakini mwenye nyumba angenunua viatu kwa pesa hiyo hiyo. Sasa ana kioo kama cha jana, na viatu hana. Marekani watu wengi walikuwa hawana ajira, vita vikawapa. Ila Februari 1942 viwanda viliacha kuunda magari ya raia, na sukari ikagawiwa kwa kuponi. Pato la taifa hulihesabu bomu kama linavyohesabu mkate. Bomu haliliwi.

Ninunue hisa za kampuni za silaha?

Usiniulize mimi.

Nchi inaweza kuishi bila jeshi?

Costa Rica ilivunja lake mwaka 1948, na ipo. Polisi inao, kabla hamjaniandikia.

Mkataba wa amani ukishatiwa saini, gharama si zimeisha?

Ndiyo kwanza zinaanza. Uingereza ilimaliza kulipa mkopo wa Vita Kuu ya Pili mwishoni mwa Desemba 2006. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865, lakini pensheni yake ya mwisho ilikoma 2020, alipofariki binti wa askari mmoja. Alikuwa akipokea dola 73.13 kwa mwezi. Bomu la ardhini nalo hununuliwa kwa dola chache. Kulitoa ni mteguaji aliyepiga magoti juani, akichokoa udongo kidogo kidogo, na bili ya mamia ya dola. Mwanasiasa akikuahidi vita vifupi, muulize ametenga kiasi gani kwa majeruhi.

Vita viko mbali, mbona bei zinapanda?

Meli. Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kuzishambulia katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi ziliacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Bima juu, mafuta juu, na siku kama kumi zaidi baharini. Mlipaji ni wewe.

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa si wanakula pesa bure?

Bajeti yao ya 2024/25 ilikuwa kama dola bilioni 5.6. Matumizi ya kijeshi duniani mwaka 2024, kwa hesabu ya SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, yalifika dola trilioni 2.7. Yaani kwa kila dola 100 za majeshi, walinda amani wanapata senti 20 hivi. Kasoro wanazo, tena kubwa. Lakini anayetaka kubana matumizi akaanzia kwenye hizo senti 20, mimi simwamini.