Ncha ya kidole imekatika: kufupisha mfupa au kuazima ngozi kidole jirani?

Pole sana mkuu. Umesema mashine imemnyofoa mdogo wako ncha ya kidole cha shahada, mfupa unaonekana, na daktari kawapa mchague: mfupa ufupishwe na kushonwa mara moja, au iazimwe ngozi ya kidole jirani. Mimi ni seremala, si daktari, ila njiapanda hiyo niliisimamia mwenyewe siku randa ya umeme iliponila kidole hichohicho.

Kwanza muulizeni jeraha limelalia upande gani. Likiwa limekatika kwa kukingama kidole, sawasawa pande zote, au limekula zaidi upande wa ukucha, huenda ipo njia ya tatu: ngozi ya tumbo la kidole hichohicho inachanjwa umbo la V na kusogezwa mbele ifunike mfupa, mshono unabaki kama Y. Kidole kingine hakiguswi. Langu lilikula tumbo lenyewe, ngozi ya kusogeza haikuwepo.

Nikaazima kidole cha kati. Walichuna ngozi ya mgongoni mwake, wakaifunua kama ukurasa wa kitabu na kuishonea kwenye jeraha, na pale ilipotoka wakapaziba kwa ngozi ya mkononi. Wiki mbili na nusu vidole vimeshonwa pamoja, hata kifungo cha shati nafungiwa. Kisha operesheni ya pili ya kuvitenganisha. Hapo ndipo nilipolia: vyote viwili vimekakamaa, hata kile ambacho hakikuwa na kosa lolote! Mazoezi ya kuvikunja yaliniuma kuliko randa. Leo urefu ninao na msumari naushika, ila hisia haijarudi yote, na baridi ikija kidole kinauma. Kwa mtu mzima sana, au mwenye viungo vigumu tayari, nisingeishauri.

Kufupisha nako msikudharau. Mwenzangu karakana alifupishiwa, akarudi kazini mimi bado nina bandeji. Kilichomponza ni ukucha. Nyama ya chini ya ukucha isipobaki na mfupa wa kuishikilia, au ikivutwa ifunike mbele, ukucha unaota umepinda kama wa mwewe. Wake ulikuwa unanasa kila akitia mkono mfukoni, mpaka akarudi kung'olewa mzizi wake. Basi ulizeni mapema: ukucha mtaufanyaje?

Mnaosoma tu: kama mfupa hauonekani na kidonda hakizidi kama sentimita 1 ya mraba, mara nyingi hakuna haja ya kuchukua ngozi popote. Kinasafishwa, kinafungwa bandeji isiyokauka, nyama inaota yenyewe kwa wiki 3 hadi 6. Harufu chini ya bandeji inatisha, lakini ni kawaida. Wekundu unaopanda mkononi, usaha au homa ndivyo vya kukukimbiza hospitali.

Hujasema mdogo wako anafanya kazi gani, na ni mkono upi. Mimi ningeanzia hapo.