Foleni ndefu, chakula salama?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Napenda kula vibandani na kwenye vimkahawa, lakini mwezi huu nimeharisha mara mbili. Rafiki yangu anasema nifuate penye foleni ndefu tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Rafiki yako kakupa nusu ya habari. Kwangu foleni ina maana moja: sufuria haikai. Kinachopikwa kinaisha, kinapikwa kingine. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 katika joto la kawaida, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Najua hutembei na kipimajoto. Basi tafuta mvuke. Ukikuta chakula kinapumua kwa uvivu chini ya kitambaa, pita.

Wali ndio ninaouogopa zaidi, kuliko hata nyama. Bakteria wa Bacillus cereus wana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukilala nje, zinaota, na sumu inayotapisha haiondoki hata ukipashwa moto. Mimi mwenyewe niliwahi kulala chooni kwa sababu ya wali wa jana uliopashwa vizuri kabisa!

Halafu tazama mikono. Anayepokea pesa akichota chakula kwa vidole vilevile, foleni haikusaidii kitu. Na usione haya kusema, “Nikaangie kipya, nitasubiri.” Muuzaji mzuri hakasiriki.

Ila ukiona damu kwenye choo au homa, acha kuniandikia, nenda kwa daktari.