Griotte katika shairi lako ni tunda, si manju

Usiandike "midomo ya manju". Umeuliza maana ya neno griotte katika beti mbili za Kifaransa unazozitafsiri, ukaeleza kwamba kamusi imekupa manju wa kike wa Afrika Magharibi na kwamba, kwa kuwa mshairi ni Msenegali, umeridhika. Mimi nami niliridhika vivyo hivyo, na kosa langu limo katika kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Katika riwaya niliyoitafsiri, mama mmoja alielezwa kuwa na kinywa cha griotte. Niliandika "kinywa cha manju", na kwa kuwa manju huimba, nikaugeuza ukimya wake katika sentensi iliyofuata kuwa wimbo uliokatizwa, kisha nikaongeza tanbihi ndefu kuhusu koo zinazohifadhi nasaba za wafalme. Kurasa sitini mbele nilikuta meko ya griotte. Badala ya kusimama na kujiuliza, niliandika "meko yenye sanamu ya manju", sanamu ambayo mwandishi hakuwahi kuiweka katika nyumba ile. Msomaji mmoja wa Bukavu ndiye aliyenieleza kwamba mama yule alikuwa na midomo myekundu ya kuiva, na kwamba meko yale yalijengwa kwa marumaru nyekundu iliyokoza, ya aina inayochimbwa Caunes-Minervois, kusini mwa Ufaransa, ambayo ilipewa jina la tunda kwa sababu ya rangi yake.

Namlaumu mhariri aliyetufundisha warshani kwamba neno la Kifaransa likiwa na maana mbili, tuchague ile ya Kiafrika kwa sababu inaileta kazi nyumbani. Alitufundisha kuacha kusoma, akaliita jambo hilo uzalendo, na hadi leo sijamsikia akiifuta kauli yake.

Griotte ni cheri chachu, nyekundu inayokaribia weusi. Zamani iliitwa agriotte, neno lililotoka Provence, kusini mwa Ufaransa, na lenye asili ya ukali wa ladha. Wafaransa walipotamka l'agriotte, ile "a" ilimezwa na kibainishi, yaani "la" inayotangulia nomino, ikabaki la griotte. Sisi tulifanya jambo la namna hiyo kwa kitabu, pale tulipoidhania "ki" ya Kiarabu kuwa kiambishi chetu, tukapata vitabu. Griot, yaani manju wa Afrika Magharibi, ana historia nyingine kabisa, kwani katika maandishi ya Kifaransa ya karne ya 17 aliitwa guiriot, na jina lake la kike limefanana na la tunda kwa sadfa tu.

Kwa hiyo, kabla ya kulitafsiri jina la tunda, itafute ladha iliyolizaa, kisha uangalie kama ladha hiyo imo katika maneno yaliyo jirani. Waandishi wa Kifaransa wanapotaja griotte badala ya cheri ya kawaida, mara nyingi wanataka wekundu wenye uchachu ndani yake, uzuri unaomkunja uso anayeuonja. Ubeti wako wa pili unasema kwamba aliyeibusu midomo ile alikufa ganzi ya meno. Wimbo wa manju, hata uwe mkali namna gani, hauyatii meno ganzi. Andika "midomo ya cheri chachu", na kama ulifikiria kuweka tunda la zambarau badala yake, liache, kwa sababu msomaji wetu ataiona rangi ya zambarau kabla hajaifikia ladha.